Roketi ya Tintin: nani alimwangalizia nani?

Picha hii hurudi kila baada ya miezi michache kwenye kundi letu la wapenzi wa katuni. Kushoto kuna tukio kutoka filamu ya Kimarekani Destination Moon ya mwaka 1950. Kulia kuna kisanduku kutoka katuni ya Kibelgiji inayosimulia safari ya mwezini ya Tintin, yule kijana mwandishi wa habari. Pande zote mbili roketi yenye ncha kali imesimama kwa mapezi yake, nyuma yake milima imechongoka kama meno ya papa, na watu waliovaa mavazi mazito wanaonekana wadogo kama sisimizi. Aliyeituma mara ya mwisho aliandika neno moja tu: "Wameiba." Haikupita saa moja majibu yakajaa. Mmoja akasema ni kweli, Hergé, mchoraji wa Tintin, alinakili filamu. Mwingine akakataa katakata: Hergé alitangulia, tena alizitabiri safari za Apollo, zile za Wamarekani kwenda mwezini, miaka kumi na tano kabla. Wa tatu akaingiza habari za NASA, shirika la anga la Marekani, na ile hesabu ya kumi, tisa, nane kabla ya roketi kuruka. Usiku ukaingia, kila mtu akalala na lake.

Vitabu viwili vya safari hiyo ya Tintin ndivyo vilivyonifanya nianze kuuangalia mwezi kama mahali, si kama taa. Kwa hiyo swali hili nalichukulia kwa uzito, na jibu la neno moja haliwezi kulitosha. Njia iliyotoka kwenye filamu hadi kwenye katuni ni ndefu, na katikati yake kuna kitu ambacho wengi hawakitarajii: kombora la vita.

Kwanza tuelewane kuhusu neno katuni, maana Kiswahili chetu kinalitumia kwa vitu vitatu. Kuna mchoro mmoja wa gazetini unaomkejeli mkubwa fulani. Kuna katuni za televisheni, zinazotembea na kusema. Na kuna hadithi ya picha, yaani visanduku vilivyopangwa safu kwa safu, wahusika wakiongea kwa viputo vya maneno, kama Juha Kalulu wa Taifa Leo. Makala haya yanahusu aina hii ya tatu, hasa zile ndefu za mikasa na safari ambazo miaka ile zilichapwa vipande vipande katika majarida ya kila wiki kabla ya kukusanywa kuwa kitabu. Hilo la vipande vipande lishike, tutalihitaji.

Neno la pili ni roketi. Jules Verne, katika riwaya yake ya 1865, aliwarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga. Georges Méliès alipotengeneza filamu yake ya mwezi mwaka 1902 alitumia mzinga vilevile, na risasi kubwa yenye watu ndani ikamchoma Mwezi jichoni. Shida ya mzinga ni kwamba husukuma mara moja tu, kwa kishindo; abiria angepondeka kabla hajatoka mdomoni mwake. Roketi hubeba mafuta yake na kujisukuma yenyewe njiani. Chukua puto, lijaze upepo, liachie bila kulifunga: upepo unatoka nyuma, puto linakimbia mbele. Wengi hudhani upepo ule unaisukuma hewa ya nje, kisha huuliza, basi mahali pasipo na hewa roketi itasukuma nini? Haihitaji kusukuma kitu cha nje. Kile inachokitupa nyuma ndicho kinachoipeleka mbele.

Waliotengeneza Destination Moon walijua watazamaji wao wana shaka hiyohiyo. Wakatia ndani ya filamu yao katuni fupi ya Woody Woodpecker, yule ndege kigogota mwenye kishungi chekundu, akifyatua shotigani na kila mfyatuo ukimrusha kinyumenyume. Tazama jambo hilo kwa makini: filamu iliyojitahidi kuwa ya kisayansi, ilipofika pagumu, iliomba msaada kwa katuni.

Sasa turudi kwenye shutuma ya wizi. Mwalimu anayesahihisha mtihani akikuta wanafunzi wawili wameandika jibu moja sahihi, hashtuki. Akikuta wameandika kosa moja, neno kwa neno, anaweka kalamu chini. Lakini mwalimu mwenye busara hakimbilii adhabu. Atauliza walikaa wapi, maana anayeangalizia lazima awe na nafasi ya kuona karatasi ya mwenzake. Kisha atauliza kama kuna kitabu ambacho wote wawili walikisoma, chenye kosa hilohilo. Nimeona walimu wakiwaadhibu watoto kwa kosa lililokuwa la mchapaji wa kitabu, na sijasahau.

Tuanze na walikaa wapi. Safari ya Tintin mwezini ilianza kuchapwa katika jarida la Tintin huko Ubelgiji tarehe 30 Machi 1950. Destination Moon ilianza kuonyeshwa New York tarehe 27 Juni 1950. Kwa maneno mengine, wasomaji wa Brussels walikuwa wameshamwona Profesa Tournesol, yule ambaye wasomaji wa Kiingereza wanamjua kama Calculus, na mradi wake wa roketi, karibu miezi mitatu kabla Mmarekani wa kwanza hajakata tiketi ya filamu ile. Kwa sehemu hiyo ya mwanzo, kusema Hergé alinakili filamu ni sawa na kusema mtoto alimzaa shangazi yake.

Ila ngoja. Septemba 1950 Hergé alikuwa amechoka mwili na roho. Hadithi ikasimama ghafla, Tintin na wenzake wakiwa bado hawajaondoka duniani. Haikuendelea hadi tarehe 9 Aprili 1952, na ikamalizika siku za mwisho za Desemba 1953. Vitabu vilivyokusanywa, Objectif Lune na On a marché sur la Lune, vikatoka 1953 na 1954. Anayeshika kitabu leo anakisoma kwa alasiri moja na kudhani kilichorwa kwa pumzi moja. Kumbe kuna shimo la mwaka mmoja na nusu katikati, na filamu ilisambaa nje ya Marekani ndani ya shimo hilo. Safari yenyewe angani, kutua, kutembea mwezini na kurudi, yote yalichorwa baada ya Destination Moon kuzunguka ulimwenguni. Kwa nusu ya pili, basi, nafasi ya kuona karatasi ilikuwepo.

Na ukiyatazama matukio, yapo yanayofanana kweli. Katika filamu, wasafiri hutembea juu ya ganda la roketi kwa viatu vya sumaku; mmoja wao anateleza, anaachana na chombo na kuelea peke yake kwenye giza hadi mwenzake anapomfuata, akitumia mtungi wa oksijeni kujisukuma. Katika katuni, viatu vya sumaku vipo, na Kapteni Haddock, yule nahodha rafiki wa Tintin, akiwa amelewa, anatoka nje ya roketi na kukamatwa na mvuto wa kijisayari Adonis, akaanza kukizunguka kama mwezi mdogo mpaka Tintin anapomfuata na kamba. Katika filamu, mafuta ya kurudi hayatoshi, wanang'oa kila kitu wanachoweza kukitupa, na inaonekana mtu mmoja itabidi abaki. Katika katuni, oksijeni ya kurudi haitoshi kwa sababu watu wamezidi, na mhandisi Wolff anatoka nje usiku, kimya, ili wenzake wapate kuvuta pumzi.

Kesi imekwisha? Hapana. Hapa ndipo panapohitaji swali la kitabu.

Mwaka 1923 mwalimu mmoja mzungumzaji wa Kijerumani kutoka Transylvania, Hermann Oberth, alichapisha kitabu chembamba kuhusu roketi za kwenda kwenye anga za sayari. Kilikuwa na hesabu nyingi na wasomaji wachache, lakini wale wachache waliwaka moto. Mmoja wa waliovutiwa na habari hizo alikuwa Fritz Lang, mwongozaji wa filamu wa Berlin, ambaye alimwita Oberth awe mshauri wa filamu yake Frau im Mond, yaani Mwanamke Mwezini. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 15 Oktoba 1929. Ilikuwa filamu bubu: hakuna sauti za watu, maneno yanaandikwa kwenye pazia kati ya picha na picha.

Nawaomba wenye nafasi waitafute. Kuna tukio ambapo milango mirefu ya banda inafunguka na roketi inatoka imesimama wima, polepole mno, ikisukumwa juu ya reli huku taa kubwa zikiimulika na umati ukitazama. Hakuna haraka yoyote. Lang anaacha macho yako yaupime urefu wake kutoka chini hadi juu. Mtu yeyote aliyewahi kuona roketi za Apollo zikitolewa bandani zimesimama wima, katika miaka ya 1960, atahisi anaangalia kumbukumbu. Roketi ya Lang imegawanywa vipande vinavyoachwa njiani kadiri mafuta yanavyokwisha, kama mchukuzi anayeyatupa madumu matupu ili apande mlima akiwa mwepesi. Wasafiri wanalala kwenye vitanda wakati wa kuruka ili mkandamizo usiwaue. Sakafuni kuna vitanzi vya ngozi vya kuingiza miguu pindi uzito unapotoweka.

Na kuna kuhesabu. Watu wengi, pamoja na yule mwenzetu wa kundini, wanaamini NASA ndiyo iliyoanzisha kuhesabu kurudi nyuma. NASA iliundwa mwaka 1958. Katika filamu ya Lang, miaka 29 kabla ya hapo, maandishi yanajaza pazia: zimebaki sekunde kumi, kisha namba zinapungua moja moja, hadi neno moja kubwa la Kijerumani lenye maana ya "SASA!" Lang alieleza sababu yake baadaye: ukihesabu moja, mbili, tatu, mtazamaji hajui utaishia wapi, ukihesabu kurudi nyuma, kila mtu anajua sifuri ndiyo mwisho. Utaratibu huo umeenea hadi kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, na roketi ile nayo iliondoka kwa hesabu ya kurudi nyuma kama nyingine zote.

Mimi huona kwamba hapo ndipo undugu wa filamu bubu na katuni unapoonekana waziwazi. Namba zile za Lang hazikusikika, zilisomwa. Zilikuwa maneno yaliyochorwa makubwa ili yapige kelele machoni, na hivyo ndivyo mchora katuni anavyopiga kelele. Hergé alizaliwa 1907, akalelewa na filamu bubu. Hadithi yake ya mwanzo kabisa, ya kijana skauti aitwaye Totor, iliyoanza 1926, aliitangaza kwa wasomaji kana kwamba ni filamu. Kwa mtu wa namna hiyo, kuchukua kutoka kwenye filamu si jambo la tukio hili au lile. Ni namna ya kuona: lini umsogelee mhusika hadi jasho lionekane, lini urudi nyuma hadi awe nukta, wapi ukate ili msomaji asubiri wiki nzima akijiuma kucha.

Sasa ipime Frau im Mond dhidi ya Tintin. Kuna msaliti ndani ya chombo. Kuna risasi inayopigwa na oksijeni kupotea, hivyo mtu lazima abaki nyuma. Kuna mzamiaji, mtoto aliyejificha ndani ya roketi kama vijana wanavyozamia meli. Kwa Tintin wazamiaji ni wale wapelelezi wawili wenye masharubu, ambao walikosea saa ya kuondoka. Baadhi ya yale niliyoyataja kuwa yanafanana na Destination Moon yalikuwa yameshaota mizizi Berlin miaka ishirini na moja kabla. Ile hofu ya "mmoja lazima abaki" haikuhitaji hata kuazimwa. Inatoka ndani ya hesabu ya roketi yenyewe. Kila kilo unayopeleka mwezini inadai mafuta, na mafuta hayo yana uzito wake unaodai mafuta mengine. Mvuvi anayejua dau lake linabeba watu sita haulizi kitatokea nini akiingia wa saba. Mwandishi yeyote anayeielewa hesabu hiyo, awe Berlin, Hollywood au Brussels, atajikuta anaandika mlango unaofunguka na mtu anayetoka nje.

Lakini roketi yenyewe, ule mwili wake wa mviringo, ulifikaje kwenye meza ya Hergé? Hapa habari inakuwa nzito.

Katika vijana waliomsaidia Oberth majaribio yake mwaka 1930 alikuwemo mwanafunzi aitwaye Wernher von Braun. Miaka kumi na miwili baadaye von Braun alikuwa kiongozi wa mafundi wa Hitler huko Peenemünde, kwenye pwani ya Baltiki. Tarehe 3 Oktoba 1942 kombora lao, ambalo dunia ingelijua kwa jina V-2, liliruka vizuri kwa mara ya kwanza. Chini kabisa ya mwili wake mafundi walikuwa wamechora mwanamke aliyeketi juu ya mwezi mwandamo. Walikuwa wameitazama filamu ya Lang wakiwa vijana na hawakuisahau. Makombora ya majaribio yalipakwa pia vyumba vyeusi na vyeupe, kama ubao wa drafti, ili walioko chini waweze kuona kwa darubini kama chombo kinajizungusha kikiwa angani.

Makombora hayo yaliundwa na wafungwa waliotumikishwa chini ya ardhi, na maelfu yao walikufa humo. Ubelgiji iliyaonja. Zaidi ya 1,000 yalielekezwa Antwerp peke yake. Tarehe 16 Desemba 1944, mchana, V-2 moja iliangukia sinema ya Rex mjini humo ikiwa imejaa watu, filamu ikiendelea. Walikufa 567.

Brussels na Antwerp ni mwendo mfupi wa gari moshi. Miaka mitano na miezi michache baadaye, mchoraji wa Brussels akalichukua umbo lilelile, tumbo pana, ncha juu, mapezi chini, na ile mirabaraba ya drafti. Akaondoa weusi, akapaka nyekundu na nyeupe, akaweka ndani profesa, nahodha, kijana na mbwa, akawapeleka mwezini. Sijui kama kuna kisanduku chochote cha katuni kilichobeba kazi ngumu zaidi ya hiyo. Watoto waliokuwa wanalijua umbo lile kwa vifusi wakalijua upya.

Kwa hiyo anayeuliza kama filamu iliiathiri katuni, mimi humjibu hivi: ndiyo, ila si ile iliyo kwenye picha ya kundi letu. Filamu ya 1929 iliwafundisha mafundi kuota, mafundi wakatengeneza silaha, na silaha ikampa mchoraji umbo lake. Ushawishi ulipita kwenye chuma kabla ya kufika kwenye karatasi. Wamarekani nao, baada ya vita, walizibeba V-2 hadi New Mexico, na mwaka 1946 mojawapo ikapiga picha ya kwanza ya dunia kutoka anga za juu. Ndiyo maana mwaka 1950 kila mtu aliamka na safari za anga kichwani kwa wakati mmoja: Tintin Machi, rubani wa anga Dan Dare katika katuni ya Frank Hampson huko Uingereza tarehe 14 Aprili, kisha filamu za Kimarekani zikafuatana. Wote walikuwa wamesoma kitabu kimoja, na kitabu hicho kilikuwa kombora.

Sambamba na umbo, Hergé alitaka ukweli wa ndani. Alisoma kitabu cha Alexandre Ananoff kuhusu usafiri wa anga, kilichotoka 1950, akamwandikia mtaalamu huyo, akaagiza mfano wa roketi yake utengenezwe, unaofunguka ndani, na kumpelekea Ananoff aukague. Mfano ule ulikuwa na kazi ya kila siku pia. Bob de Moor, msaidizi wake aliyechora sehemu kubwa ya mandhari, aliweza kujua Haddock akisimama pale, ngazi iko upande gani na swichi ipi iko nyuma ya bega lake. Ndiyo sababu msomaji wa kitabu kile huhisi amewahi kuishi ndani ya roketi ile. Hata mchezo umejengwa juu ya elimu. Injini inapozimwa uzito unatoweka, na wiski ya Haddock inatoka kwenye bilauri, inajikusanya kuwa tufe na kuelea, naye anaikimbiza kwa mdomo. Mtoto anacheka, na papo hapo amejifunza kwamba kimiminika kisicho na uzito hujikunja kuwa mviringo.

Limebaki kosa, na hapa mwalimu wetu angefurahi. Ile milima. Filamu ina milima iliyochongoka, katuni ina miamba iliyochongoka, vitabu vya sayansi vya miaka ile vina milima iliyochongoka. Tarehe 20 Julai 1969 watu walipotua mwezini, na katika safari zilizofuata, walikuta vilima vya mviringo, laini, kama migongo ya ng'ombe waliolala. Vimondo vidogo vimeusaga uso wa mwezi kwa mabilioni ya miaka. Wote walikosea, tena kwa namna moja. Je, waliangaliziana?

Walisoma kitabu chenye kosa. Wanaanga wa zamani waliutazama mwezi jua likiwa limeinama, na wewe unajua jinsi kichuguu kidogo kinavyotupa kivuli kirefu chenye ncha saa kumi na mbili kasoro jioni. Wakadhani urefu wa kivuli ni ukali wa mlima. Mwaka 1874 Nasmyth wa Uskoti na Mwingereza Carpenter walitengeneza mifano ya plasta yenye milima mikali, wakaipiga picha na kuichapisha kitabuni, na picha hizo zikaaminika kwa vizazi. Chesley Bonestell, mchoraji mkubwa wa anga aliyepaka mandhari ya Destination Moon, alirithi milima hiyo.

Kosa moja tu katika filamu ile halikuwa la urithi. Ardhi ya mwezi imepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Bonestell aliichukia, maana pasipo maji hapawezi kuwa na tope. Lakini ukumbi wa kupigia picha ulikuwa mdogo, na fundi wa mandhari alizihitaji nyufa kubwa mbele na ndogo nyuma ili jicho lidanganyike kwamba uwanda unafika mbali. Mchora katuni hana dhiki hiyo, kwani upeo wake anauweka anapotaka kwa mstari mmoja wa kalamu.

Je, kuna katuni zilizonakili filamu ile moja kwa moja? Zipo, na hazikujificha. Mwaka uleule wa 1950 Destination Moon ilitolewa Marekani kama kitabu cha katuni kwa ruhusa, na toleo la kwanza la jarida Strange Adventures lilijinadi kwa hadithi hiyohiyo. Anayetafuta mstari mnyoofu kutoka filamu kwenda katuni aende huko. Mara nyingi mkondo ulikwenda kinyume kabisa: Flash Gordon, shujaa wa anga, alizaliwa gazetini kwa mkono wa Alex Raymond tarehe 7 Januari 1934 na hakuingia kwenye pazia la sinema hadi 1936, naye George Lucas alipokosa haki za kumtengenezea Flash Gordon filamu ndipo akabuni Star Wars.

Na wanaosema Hergé alitabiri? Katika mapango ya mwezi Tintin alikanyaga barafu, na mwaka 2009 NASA ilitangaza kwamba imepata maji yaliyoganda karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Linapendeza, lakini barafu ile ilitokana na kuwasikiliza wataalamu wa wakati wake, kama milima ile ya uongo ilivyotokana na kuwasikiliza haohao. Huwezi kumpa sifa ya moja na kumsamehe nyingine.

Nilipomaliza kuyaandika haya kundini, yule aliyetuma picha aliniuliza swali moja zuri: basi nani alikuwa wa kwanza? Nilimtumia tukio kutoka Frau im Mond. Roketi imeshaondoka duniani, wakubwa wamezinduka kutoka kwenye kuzimia, na ndani ya chombo wanamkuta mzamiaji wao, Gustav, mtoto mdogo. Wanamuuliza. Naye, badala ya kulia, anawaonyesha kwa fahari majarida yake ya bei rahisi, yenye picha za mikasa ya mwezini.